Uchovu Usiotibiwa kwa Usingizi

Baba mdogo alipouliza kwa nini kifundo cha mguu wake wa bandia kilikuwa kimevunjika kwenye majaribio, nilimjibu kwa lugha ya darasani: "Kimechoka, baba."

Aliacha kukaza spoku za gurudumu la baiskeli. "Kimechoka, hata sijakivaa? Huyo mvivu, mwanangu, mpe likizo."

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri baiskeli zao, pale kwenye karakana yake Ngamiani, waliangua kicheko. Mimi sikucheka. Tangu akatwe mguu chini ya goti, alitamani jambo moja tu: kwenda sokoni kwa baiskeli, akikanyaga pedeli mwenyewe. Nami, mwalimu wa uhandisi, nilikuwa nimemuahidi kifundo chepesi cha aloi ya titani, kilichojengwa na mashine inayoyeyusha unga wa metali tabaka juu ya tabaka. Nilitengenezewa vitatu. Cha kwanza nilikifunga kwenye mashine ya majaribio, ikawa inakipinda na kukinyoosha bila kukoma. Siku ya pili kilikatika.

Nilimfafanulia kwamba uchovu wa metali hauondoki kwa kupumzika. Ufa mdogo ukishaanza, kila mpindo huuendeleza kutoka pale ulipoishia.

"Ulianzia wapi?" aliuliza, akapitisha ukucha penye mvunjiko. "Hapa ndani ya kona mbona kunakwaruza kama ulimi wa paka?"

Niliona aibu. Upande wa nje nilikuwa nimeusugua hata ukang'aa. Ndani ya kona, ambako kifaa changu hakikufika, niliuacha uso kama ulivyotoka mashineni, na ufa hupenda kuanzia penye mikwaruzo kama ile. Nilikuwa nimesugua palipoonekana.

Akanipa spoku kuukuu. "Izungushie msasa. Mikono unayo."

Nilisugua vile viwili vilivyobaki kwa wiki nzima, hadi ukucha ukapita bila kukwama. Cha pili nikakirudisha kwenye mashine. Kila asubuhi baba mdogo alinipigia simu: "Mvivu hajalala?" Hakulala. Mashine ilifikia idadi ya mipindo niliyoipanga, nami nikaizima kwa mkono wangu.

Cha tatu ndicho anachokivaa. Sokoni huenda mwenyewe, na hurudi na samaki wakining'inia kwenye usukani. Kila Jumamosi namvua mguu ule, napitisha ukucha ndani ya kona.

"Unanikagua kama baiskeli ya kukodi," hulalamika.

"Tulia, baba," namwambia, na kuanza upya kutoka juu.