Gitaa la Parokia, Pedali Yangu

Gitaa lilikuwa la parokia, pedali ilikuwa yangu, na ugomvi wote ulitoka hapo. Gitaa lenyewe lilikuwa la mbao, lenye tumbo wazi kama magitaa mengi ya kanisani, ila ubavuni lilikuwa na tundu la kuchomeka waya. Pedali ni kisanduku kinachokaa sakafuni: waya wa gitaa unaingia upande mmoja, wa ampli, ile spika ya kukuzia sauti, unatoka upande mwingine, unakanyaga, na sauti inageuka. Inapata mwangwi, inatetemeka, inakwaruza, na ukikandamiza ubao wake wa pembeni, inapanda kutoka nzito hadi nyembamba. Mjomba wangu, aliyekuwa akifanya biashara ya kuvuka mpaka na Zambia, ndiye aliyeniletea.

Wapo waliosema imekuja kuharibu misa. Mimi nasema ilikuja kuiokoa. Miaka ile Likasi, mji wetu wa kiwanda cha shaba, ilikuwa inavunjika mbele ya macho yetu. Tanuri zilikuwa zimezimwa, mishahara ilikuwa hadithi tu, na kila mtu alishika njia yake: huyu Zambia, huyu kulima Kapolowe, huyu kuchimba mawe ya madini Kamatanda. Kwaya yetu iliyokuwa ikijaza mabenchi matatu ikabaki benchi moja, tena lenye nafasi. Nikiweka mwangwi, gitaa moja liliimba kama matatu, na sisi tuliobaki tulipata ujasiri wa kufungua vinywa. Hiyo ni dhambi gani?

Rais wa kwaya hakutaka kusikia. Alikuwa ametumia maisha yake kwenye geti la kiwanda, akiandika nani kaingia na nani kachelewa. Kiwanda kilimrudisha nyumbani kama kilivyomrudisha baba yangu, lakini kanisani aliendelea kutukagua vilevile. Kwenye mazoezi ya mwisho kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, aliinyooshea pedali kidole, akitaka iondolewe.

"Tosha ile mashini. Hapa ni mu kanisa, haina ku nganda."

"Papa, ku nganda bantu banalewa pombe. Hapa nani iko analewa?"

"Weye mutoto iko na kinywa! Dimanche nikiikuta, gitare inarudia ku sacristie, na weye unarudia ku benchi ya bamama. C'est fini."

Sitaficha: niliogopa. Sikuwa na gitaa jingine, wala uwezo wa kulipata, na kupiga ndiko kulikonitoa kitandani katika mji ambao watu hawakuwa na sababu ya kuamka. Lakini hofu yangu na miguu yangu havijawahi kusikilizana. Jumapili ya sikukuu niliingia na pedali ndani ya kikapu, juu nimeifunika kwa sombe, majani ya muhogo, nikaichomeka kabla rais hajafika. Alipoiona, padri alikuwa tayari ameanza. Rais alinikazia macho, nami nikamkazia yangu.

Wakati wa matoleo, wazee walipanda kuelekea altare wakiwa na vifaa vyao vya kazi: helmeti, koleo, miwani ya tanuri. Baba yangu alibeba glavu zake za ngozi. Nilipogeuka nimtazame, tumbo la gitaa likaelekea ampli, na gitaa likaanza kulia lenyewe. Magitaa ya mbao yana tabia hiyo. Yakisikia sauti yao wenyewe karibu, yanapiga kelele. Nilitupa mguu niizime pedali, nikakosea, nikakanyaga ule ubao wake wa kupandishia sauti. Kilio kikapanda polepole, kutoka chini hadi juu kabisa, kikajaa kanisa lote.

Kilikuwa king'ora cha kiwanda. Kile cha asubuhi, cha kuingia zamu, ambacho hatukuwa tumekisikia tangu wanaume wetu warudishwe nyumbani.

Wakasimama. Hawakusimama wote mara moja. Mmoja huku, wawili kule, mpaka upande wote wa wanaume ukawa wima. Mzee mmoja alishika kofia yake akaanza kwenda mlangoni, mkewe akamvuta shati. Baba yangu alibaki katikati ya kanisa na glavu zake mikononi, machozi yanamtoka, wala hayafuti. Padri alinipa ishara niache. Ningeweza kuondoa mguu. Lakini hasira ilinipanda kwa ajili ya baba, kwa ajili ya wote waliofukuzwa bila hata asante, na badala ya kuuondoa nikaukandamiza. Wakati wa kazi waliitwa kila asubuhi, hata wakiwa wagonjwa. Basi na waitwe leo pia, nikasema moyoni, na asiyependa azibe masikio.

Niliposhiba ndipo nikazima.

Baada ya baraka ya mwisho hakuna aliyetoka. Rais alikuja moja kwa moja mpaka kwenye benchi letu na kunyoosha mkono.

"Leta gitare."

Nililikumbatia. "Sileti, papa. Utanibeba pamoja nayo."

Hakulivuta. Alilitazama gitaa, kisha akaiinamia pedali.

"Unaikata mbio," akasema. "Sirene yetu ya kazi ilikuwa inalia murefu."

Kisha akaenda mwenyewe kufungua milango mikubwa ya kanisa, inayotazama mtaa wa wakubwa wa kiwanda, wale waliobaki na kazi zao.

"Ongeza ampli," akaniambia kwa sauti, kila mtu akasikia. "Basikie mpaka kule kwa bachef."

Nikaongeza, nikakanyaga.