Sweta Iliyopikwa

Mtaani walimwita Mama Kivuli, kwa kuwa hakuwahi kuanika nguo za watu juani. Hariri aliiviringisha ndani ya taulo akaikandamiza polepole, kama anayebembeleza mtoto. Kuikamua, alisema, ni kuinyonga. Dobi wa kumfikia bado hajazaliwa, na anayebisha alete shati lake la kitani tuone nani ataumbuka.

Basi asubuhi moja wifi yake akaingia na mfuko kwapani, macho chini. Akatoa sweta ya sufu aliyofumiwa na mama yake mzazi, ndiye mama mkwe wa dobi wetu. Ilikuwa imenywea hadi ingemtosha paka, tena paka asiyeshiba.

"Umeifanyaje, wifi?"

"Nimeichemsha kidogo tu. Ilikuwa na doa."

"Hukuifua wewe, umeipika. Chumvi ulitia?"

"Utanicheka baadaye. Mama anakuja Jumapili, na macho yake hayafumi tena. Hii ndiyo ya mwisho."

Mama Kivuli akaacha utani. Akailoweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye dawa ya kulainishia nywele, akaikausha kwa taulo, akaitandaza mezani. Akaanza kuivuta: kidogo kifuani, kidogo kiunoni, anaibana kwa pini, anaiacha ipumue, anairudia. Wiki hiyo mumewe alikula sahani ikiwa magotini, maana meza ilikuwa na mgeni. Haraka haraka haina baraka, na kwenye sufu haina hata mikono.

Wifi, kwa kiherehere chake, akajitia kusaidia kuvuta mkono wa kushoto. Ukatoka mrefu kuliko mwenzake.

Jumapili bibi akafika. Akamkumbatia bintiye, vidole vikaanza kuipapasa sweta, vikashuka hadi kwenye ule mkono wa kushoto, vikatulia.

"Hii imepikwa."

Wifi akauficha ule mkono mgongoni.

"Na aliyeiopoa nani?"

"Wifi yangu huyu, mama," bintiye akasema, akimwonyesha Mama Kivuli.

Bibi akavua shali yake ya sufu, ambayo hakuwahi kumwachia mtu aiguse kwa sabuni, akaiweka mapajani mwa Mama Kivuli.

"Hii utanifulia wewe, mwanangu. Huyu mwenzako mwachie maharage."

Wifi akacheka mpaka akashika mbavu, akaukunja mkono mrefu, akaenda jikoni kuchemsha chai. Kwenye kuchemsha, jamani, tumpe haki yake.