Hakuna Karanga Humu

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni niliwachukua wenzangu wawili twende kula Idi nyumbani kwetu Kipawa. Mmoja alikuwa binti wa Kikorea niliyekaa naye chumba kimoja hosteli, amekuja kusoma Kiswahili. Wa pili alikuwa kijana wa Kizambia wa darasani kwetu. Hakuna kati yao aliyewahi kuila Idi. Mama alihangaika jikoni tangu alfajiri, maana kwake mgeni wa sikukuu ni baraka.

Yule Mkorea alikuwa na jambo moja alilolitaja kila tulipokwenda kula: karanga zinamdhuru. Alipoingia tu, baada ya shikamoo aliyoifanyia mazoezi njia nzima, akauliza, "Samahani mama, kwenye chakula kuna karanga?"

"Hakuna karanga humu, mwanangu. Kula kwa raha zako."

Mama alisema kweli. Ila sie asili yetu Newala, na kuku wa sikukuu kwetu huungwa kwa tui na korosho zilizotwangwa. Neno korosho mwenzangu hakulijua. Mie nililijua, lakini haikunipitikia akilini kwamba mwili unaokataa karanga unaweza kukataa na korosho.

Mama akaichukua mikoba yao, akaifungia chumbani kwake, kwa sababu siku ya Idi anaingia huyu anatoka yule. Ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Akatuwekea sinia mkekani, kisha akabeba jingine kumpelekea jirani.

Tukala. Mzambia, aliyezoea kula kwa mkono kwao, alimcheka mwenzake kwa jinsi pilau lilivyomdondoka vidoleni. Binti akamsifu kuku, akaongeza mchuzi. Halafu akaacha kutafuna. Akaanza kujikuna shingo. Nikamsogezea maji, nikidhani kauma pilipili.

"Si pilipili," alisema, na sauti haikuwa yake. Ilikuwa imekwaruza, inatoka kwa shida. Midomo ilikuwa inavimba nikiitazama. "Karanga."

"Hakuna karanga! Ni korosho tu!"

Mzambia akaniuliza korosho ndiyo nini. Nilipomwambia kwa Kiingereza, akainuka. "Mkoba wake uko wapi? Kuna sindano yake ya dharura mle ndani!"

Nilikwenda kuusukuma mlango wa chumba cha mama huku najua umefungwa. Nyuma yangu nilisikia pumzi ya yule binti ikipiga mluzi. Nikatoka mbio bila viatu. Watoto waliovaa nguo mpya walikuwa wamejaa kichochoroni na mapulizo yao, nikawapita nikiwapiga vikumbo. Nilimwita mama, lakini ndege ilikuwa inashuka uwanjani na sauti yangu ikamezwa.

Nilimkuta uani kwa jirani yetu, mzee wa Kiarabu mwenye duka, anapokea kahawa.

"Mama, ufunguo! Mgeni anakufa!"

Neno hilo lilinitisha mie mwenyewe nilipolisikia. Mama alishika pindo la kanga akalivuta, fundo likakataa. Akaliuma kwa meno, akalifungua. Sikuwahi kumwona mama yangu akikimbia. Siku ile alikimbia, na magoti yake yale mabovu, huku akisema "Ya Rabi, mtoto wa watu, ya Rabi." Mzee alikuwa kashatangulia kwenda kuwasha gari.

Tulimkuta binti amekaa, kaegemea kifua cha Mzambia, uso umevimba hata macho hayaonekani. Mama akafungua chumba, Mzambia akauchomoa mkoba, akaitoa sindano, akawa anahangaika na kifuniko. Binti akamnyang'anya. Mie nikalishika goti lake kwa nguvu zote. Akajichoma pajani, juu ya gauni, akahesabu kimyakimya kwa kidole, kisha akaiachia ikaanguka kwenye sinia.

Njiani kwenda hospitali mama alikuwa kampakata, akimpepea na kanga. Mzee alipiga honi mwanzo mwisho.

Daktari alimwongezea dawa, uvimbe ukaanza kushuka. "Lakini haondoki leo," alituambia. "Hali hii inaweza kumrudia."

Jioni binti akampigia mama yake simu ya video. Mama yangu akaomba aonekane naye. Akainama mbele ya simu, nguo yake ya Idi imejaa mchuzi, akasema, "Nisamehe, mwenzangu. Nilikuwa namlisha kama wangu."

Binti akatafsiri kwa sauti iliyokauka. Yule mama wa mbali alikuwa analia. Akajibu maneno machache.

"Anasemaje?" mama akauliza kwa woga.

"Anauliza kama wewe umeshakula."

Hapo ndipo mama alipolia. Mzambia akaenda kumtafutia chai. Mie nilibaki kando ya kitanda nasikiliza pumzi za mwenzangu, na kila alipokohoa, mie na mama tulisimama kwa pamoja.