Njia Waliyopitia Watoto

Mama Brashi, fundi rangi wa majumba, si mtu wa kubembelezwa. Hedhi ilishakatika zamani, wajukuu wameanza shule, halafu siku moja yuko juu ya ngazi anapaka dari, damu hiyo! Mafundi wenzake wakamcheka: "Shoga, usichana umerudi!" Naye akacheka. Ilipotoka tena hakucheka. Akanawa mikono, akaenda hospitali na ovaroli yake yenye madoa.

Vipimo vikasema saratani ya mji wa mimba. Daktari, mama asiyemung'unya maneno, akamweleza kwamba hawatampasua tumbo zima. Watatoboa matundu madogo machache, wapitishe kamera na vyombo vyembamba, waukate mji wa mimba na kuutoa. Kama ugonjwa haujavuka nje, huenda yakaishia hapo. Kama umevuka, basi safari bado ni ndefu.

Dada yake mkubwa, aliyemsindikiza, akaruka. "Mdogo wangu, usidanganywe! Mji wa mimba mzima utatokaje kwenye tundu la kifungo?"

"Utatokea chini," alisema daktari.

"Kwani dada, wanangu wanne walipitia wapi?" akadakia Mama Brashi.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Dada hakucheka hata kidogo. "Achana na visu. Damu za utu uzima huja, zikaenda zenyewe."

"Mimi nataka kuishi, dada. Nimeshakata shauri."

Aliogopa, tena sana. Lakini wakati wa kupelekwa thieta alipiga moyo konde, akaingia. Kesho yake alikuwa anatembea wodini kwa mwendo wa bata, tumbo limemjaa gesi, akimfokea muuguzi aliyetaka kumshika mkono. Nyumbani alikatazwa kunyanyua hata ndoo ya rangi. Alinuna, ila alitii.

Siku ya majibu alirudi hospitali na dada yake.

"Haikuvuka," alisema daktari. "Sasa utakuwa unakuja tukuangalie tu."

Mama Brashi alilia kwa sauti, bila aibu, mpaka kola ikalowa. Walipotoka, dada alikaa kwenye benchi la nje, mkoba ameukumbatia kifuani. Hakumpa hata hongera.

"Vipi, dada? Hufurahi?"

"Mimi pia damu inanitoka," alisema dada, macho chini. "Tangu mwaka juzi."

Mama Brashi hakumgombeza. Alimshika mkono, akamwinua, akausukuma tena mlango wa daktari bila kupiga hodi.