Hedifoni Zilizommeza Shangazi

Nakiri mwenyewe kabla hamjaanza kunicheka: mimi Lameki, ninayejiita prodyuza mpaka kwenye utambulisho wa simu, niliwahi kumfuta shangazi yangu wa damu mbele ya kanisa zima, mchana kweupe, kisha nikasimama kifua mbele kudai kwamba mitambo ndiyo mibovu.

Yote yalianzia dukani. Nilikuwa namiksi nyimbo chumbani kwangu Nkuhungu kwa spika mbili za redio, mpaka mwenye nyumba akaniambia nichague, muziki au chumba, ndiyo nikaamua kutafuta hedifoni za bei nafuu kwa Mzee Jamal, ambaye ukoo wake unauza redio na nyaya pale karibu na soko la Majengo tangu enzi za babu yake. Nikamwamkia, akanitolea mbili za bei ileile: moja nyeusi, nyembamba, mpya, haina sura yoyote, nyingine za mtumba, kubwa, zenye mito ya ngozi laini.

"Chukua hizi nyeusi, mwanangu," akasema. "Hazipambi kitu, zinakwambia kilichopo. Hizo kubwa sikio moja lilifunguliwa, fundi akaunga nyaya upya. Zinalia, lakini siwezi kukuapia."

Sasa mimi (na hapa naomba mnihurumie) nikazivaa zile kubwa shingoni, nikajitazama kwenye kioo cha kabati la duka, nikamwona mtu ambaye tayari ana jina. Nikazichukua. Kosa lilikuwa hilo moja tu, mengine yalilifuata kama ng'ombe wanavyofuata kengele.

Kazi niliyokuwa nayo ilikuwa wimbo wa kwaya ya kanisani kwao shangazi, kule Makutupora, watu ambao wiki nzima wako kwenye mashamba ya zabibu na jioni wako mazoezini. Shangazi Nyemo ndiye anayeanzisha, wenzake wanaitikia. Lakini miezi ile walikuwepo waliokuwa wakinong'ona kwamba sauti yake imechoka, awaachie vijana. Yeye hakubishana nao, alisema tu wasubiri siku ya mavuno, wimbo upigwe mbele ya kwaya ya wageni kutoka Mpwapwa, wausikie, halafu waamue. Tena akasisitiza kazi apewe mtoto wa kaka yake. Kwa hiyo nafasi yake yote ya miaka mingi ilikuwa mikononi mwangu, au niseme masikioni mwangu.

Nilimpanga shangazi katikati na wenzake pembeni, kushoto na kulia, lakini nilipovaa hedifoni na kuanza kazi, alisikika kama anaimbia nyuma ya kisogo changu, ndani ya tenki la maji. Mtu mwenye akili zake angeazima hedifoni nyingine akalinganisha. Mimi nililaumu kipaza sauti, nikapekuapekua programu mpaka nikakuta kitufe cha kugeuza sauti ya upande mmoja, nikakibonyeza, na shangazi akaja katikati ya paji la uso wangu, mzima, hata pumzi zake nazisikia. Nikajipigia makofi peke yangu.

Hamisi, jamaa yangu wa Kondoa ninayeishi naye, alijaribu kuniokoa. Aliusikiliza kwenye simu yake, ile yenye kaspika kamoja tu kwa chini.

"Lameki, mbona mama haimbi? Nasikia wanaoitikia tu."

Nikamwambia simu yake haina hadhi ya kusikiliza kazi yangu. Akaniangalia, akarudi kwenye wali wake.

Siku ya mavuno ikafika, maturubai yanapigwa na upepo, kwaya wamependeza kwa vitenge vya sare, shangazi amejifunga kilemba cha rangi ya zabibu. Utaratibu wetu kwenye sherehe kama hizi ni kwamba wimbo uliorekodiwa unapigwa, waimbaji wanaufuatisha kwa midomo na mikono, vipaza sauti vyao vimezimwa. Nikamkabidhi flashi Mzee Yohana, fundi mitambo wa kanisa, nikaenda kukaa mstari wa mbele, hedifoni shingoni (kanisani jamani, Jumapili).

Ngoma zikaanza, kayamba zikaingia, shangazi akanyoosha mkono, akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Wenzake wakaitikia vizuri sana, wakamwitikia mtu ambaye hayupo. Akafungua tena kinywa, hakikutoka kitu, wakaitikia tena. Nyuma yangu mama mmoja akasema, "Si tulisema?" Mwingine akamjibu, "Mpaka mtoto wa kaka yake kaona bora amtoe."

Nikainuka. "Mzee, ongeza sauti." Akaongeza, walioitikia wakanguruma. Nikaenda mwenyewe pale mezani, nikamwambia, "Nipishe mzee, hii mitambo yenu ya zamani inameza sauti," bila kujua kwamba kipaza sauti cha mchungaji kilikuwa hapo mezani na hakijazimwa, kwa hiyo maneno hayo aliyasikia kila mtu mpaka waliokuwa jikoni. Nikazungusha vitufe, spika zikapiga yowe, watoto wakaziba masikio. Shangazi alikuwa bado anafungua na kufunga kinywa, lakini sasa alikuwa ananitazama mimi.

Mzee Yohana hakugombana na mtu. Waya ulioleta wimbo kwenye spika ulikuwa na vichwa viwili, cha kushoto na cha kulia, akachomoa kimoja, na sauti ya shangazi ikatoka, nzito, safi, imejaa uwanja mzima. Ilitoka kwa mstari mmoja tu wa wimbo, kwa sababu ndio uliokuwa umebaki.

"Spika zetu zinachanganya kushoto na kulia," akaniambia taratibu. "Upande mmoja umeugeuza. Huku wanasukuma, huku wanavuta, aliyekaa katikati anapotea. Ulisikilizia nini?"

Nikashika shingo yangu. Yule fundi aliyeunga hedifoni aligeuza nyaya za sikio moja, nami nikageuza wimbo mzima ili uendane na sikio hilo.

Nilimkuta shangazi nyuma ya kanisa, kilemba ameshakivua. "Lameki, ulinitoa?" Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. "Sikukutoa, shangazi. Umo." Nikamvalisha hedifoni, nikaziunganisha na simu yangu, nikaupiga wimbo. Akafumba macho, akausikiliza mpaka mwisho, na machozi yakamtoka.

"Kumbe nimo," akasema.

Akajifunga kilemba chake, akachukua simu na hedifoni, akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kwaya na kumvalisha. Alipomaliza akamvalisha yule wa "si tulisema", kisha mwenzake, mmoja baada ya mwingine. Jioni hiyo hakuna aliyezungumzia tena habari ya kuwaachia vijana.

Mimi nilirudi kwa Mzee Jamal kuzifuata zile nyeusi. "Nilikuwekea," akasema. Naapa sitachagua tena hedifoni mbele ya kioo, na wimbo wangu hautoki nje ya chumba kabla ya kupita kwenye simu ya Hamisi (ambaye siku hizi anadai nimpikie kwanza).

Zile kubwa sijazipata tena, shangazi anapalilia nazo mizabibu. Wimbo nilishaurekebisha, unapigwa kila mahali na kila mtu anamsikia, ila mwenyewe, kwa sikio lile lililogeuzwa, anasema ule wa kwanza ndio mzuri, na kwa niliyomfanyia sina ubavu wa kumbishia.