Nani Amemharibu Shaba?

Mtaani walimwita Darubini, na mwenyewe hakukasirika. Miaka mingi alikuwa mlinzi wa supamaketi, kazi yake kusimama mlangoni na kusoma mifuko ya watu. Alipostaafu, macho yake yalikataa kustaafu. Hata fundi bomba akija nyumbani, alisindikizwa kama anayeondoka na bomba.

Chama kinachofunza mbwa wa kuwaongoza wasioona kilimpa Shaba, mbwa jike mchanga wa rangi ya kahawia, amlee na kumzoeza kutulia mbele za watu: alale chini ya meza mkahawani, mtoto akilia asiruke, sahani ikianguka asishtuke. Shaba akawa mwanafunzi hodari. Yakabaki mazoezi ya supamaketi, na baada yake mtihani. Hapo ndipo alipoanza kuunguruma.

Hakuunguruma ovyo. Aliwaungurumia wanaume wenye mabegi, walioinama, waliopeleka mkono ndani ya koti. Na mbwa anayeunguruma hadharani huondolewa kazini, hakuna rufaa. Kulikuwa na mwalimu mmoja asiyeona aliyekwisha kuja kumpapasa masikio, akamnong'oneza, "Tutakwenda shule pamoja, sivyo?"

"Kuna mtu amemharibu," Darubini alimwambia mkewe.

"Mtu gani?"

"Kikulacho ki nguoni mwako. Kinalala kwenye kochi langu."

Maana yake ni kaka wa mkewe, fundi cherehani aliyehamia kwao duka lake lilipofungwa. Naye alikuwa na begi. Darubini akaanza kujifanya amesinzia, jicho moja wazi. Alipapasa mbavu za Shaba akitafuta uvimbe wa kipigo, hakuupata. Akajibanza nyuma ya pazia, akamwona shemeji anapinda suruali huku akimwimbia mbwa. Shaka ikazidi. Nani humwimbia mbwa wa mwenzake bure?

"Shemeji, umemfanya nini mbwa wangu?"

"Nimemwimbia tu, shem. Kama ni kosa, basi ni la sauti. Hata dada huwa ananifungia mlango."

Mke hakucheka. "Kesho tunakwenda wote, mshuku na mshukiwa. Mimi nitatembea nyuma."

Wakaenda. Kwenye rafu za sabuni, mwanamume mmoja alitia mkono ndani ya koti. Shaba akaunguruma.

"Umemwonyesha ishara!" Darubini alimgeukia shemeji.

"Kwa mikono ipi? Nimekumbatia trei ya mayai!"

"Umeivuta kamba," mkewe alisema.

"Sijavuta."

"Umeivuta kabla mbwa hajamwona mtu. Kidogo tu, kama mtu anayekaza kifungo. Mbwa anakusikiliza wewe, baba watoto. Umemwambia, mwizi huyo."

"Alikuwa anaficha kitu kwenye koti!"

Wote watatu wakatazama. Yule mtu alikuwa ametoa miwani, anasoma bei.

Mke aliitwaa trei, akampa ndugu yake kamba. Wakapita tena, rafu kwa rafu, katikati ya mabegi na makoti. Shaba alipiga mwayo.

"Labda amechoka," Darubini alisema, lakini kwa sauti ndogo.

Siku ya mtihani, mlangoni pa supamaketi, mkufunzi wa chama aliuliza nani katika nyumba ile atamshika mbwa. Darubini alikaa na ile kamba mkononi kitambo, akafungua vidole kimoja kimoja, kisha akamkabidhi shemeji.

"Nitasimama hapa kwenye kioo. Nitaona kila kitu."

"Akikuona atakutazama wewe," alisema mkewe. "Geuka."

Hakuwa amewahi kuupa mlango kisogo maishani mwake. Aligeuka. Barabara ilikuwa mbele yake na watu wote wenye mifuko, wala hakumwona hata mmoja. Alikuwa masikio matupu, anasubiri muungurumo. Yakamjia matoroli, kicheko cha mtoto, kitu kilichovunjika, kisha matoroli tena.

Mlango ukafunguka. "Amefaulu," mkufunzi alisema. "Mpigieni yule mwalimu simu."

Darubini aligeuka, akamtazama mkufunzi juu mpaka chini.

"Una hakika umemwangalia vizuri?"