Goti Moja Juu ya Wimbi

Mvua ikinyesha Kariakoo na mitaro ikafurika, maganda ya madafu yanayotupwa nyuma ya soko huanza kuoza, na harufu yake hupanda mpaka ghorofa ya nne ninakokaa. Wajukuu zangu hukimbilia kufunga madirisha huku wameziba pua. Mimi hutulia kwenye kiti changu. Ile ni harufu ya makumbi, na makumbi ndiyo mama yangu.

Msinicheke. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo nasema kama inavyonijia. Nilizaliwa kisiwani Unguja, upande wa mashariki. Huko wanawake walifukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani, wakayaacha miezi yaoze, ndipo wakayafukua na kuyaponda wapate nyuzi za kusokotea kamba. Maji yakitoka walifukua. Yakijaa walikaa safu mchangani, wanaponda na kusengenya. Mikono ya mama ilinuka makumbi hata siku ya Idi, hata akijifukiza udi.

Sisi watoto, maji yakijaa, tulipanda mawimbi. Siku hizi nasikia wageni wanakwenda huko na mbao zao za rangirangi. Sisi tulikuwa na kipande cha mlango wa banda la mbuzi, mimi na Miza, binti wa mama yangu mkubwa, aliyenipita kama mwaka hivi. Miza alikuwa anasimama. Wavulana wenyewe walilala kifudifudi, lakini Miza alisimama wima, mikono kiunoni, kama mwenye bahari.

Alinifundisha nisubiri maji yafike kiunoni, niipe bahari mgongo, na nikisikia maji yanavutwa miguuni nijirushe juu ya ubao. Kulala nikaweza. Kupiga magoti nikaweza. Kusimama, loo! Kila nikitaka kunyanyuka, ubao ulikwenda zake na mimi zangu. Nilimeza maji ya bahari mengi mno; leo daktari akiniambia nipunguze chumvi, nacheka moyoni.

"Umejilaza kama samaki wa ng'onda juani," Miza alinitania. "Mtaka cha mvunguni huinama. Wewe unachokitaka kiko juu. Inuka."

Kisha siku moja Miza hakuja, wala kesho yake. Mama akaniambia kwa kifupi kwamba Miza amekua, yuko ndani. Kwetu zama zile msichana akishaona damu ya kwanza, mambo ya bahari, kisima na njia ya dukani yalikwisha. Alikaa ndani mpaka aolewe. Nilikwenda nikachungulia kwenye ua wa makuti, nikamkuta anachagua mchele.

"Miza, nikishanyanyua goti moja, mguu wa pili nauweka wapi?"

Akafikiri. "Sijui kusema. Twende nikuoneshe..." Akarudi kwenye mchele wake.

Hapo nikajua zamu yangu haiko mbali. Nikawa nakwenda peke yangu kila maji yakijaa. Cha ajabu, mama hakunizuia. Tena kazi akanipunguzia, maji ya kisima akawa anachota mwenyewe. Mimi nikaona amenisahau, nikafurahi.

Siku yenyewe wimbi lilikuja laini. Nikapiga magoti, nikatoa mguu wa kulia, nikaukanyaga ubao. Goti moja, mguu mmoja. Nikaiona pwani yote, minazi, na ile safu ya akina mama. Sijapata tena kuwa juu namna ile, na ghorofa ya nne nakaa. Halafu nikaanguka.

Nilipotoka majini nikaona damu inachuruzika mguuni. Nikajua ni jiwe la matumbawe limenikata. Nikakimbilia kwa wanawake, ubao kwapani, naomba dawa kwa sauti ya juu.

Wakaacha kuponda. Jirani yetu Bi Mosi akanitazama, akapiga kigelegele, na wenzake wakakipokea. Mjinga mimi, nikadhani wananishangilia kwa kukaribia kusimama.

Mama hakupiga kigelegele. Alivua kanga yake ya juu, akanifunga, akauchukua ubao.

"Ulisimama?" akaniuliza taratibu.

"Bado, mama. Goti moja tu."

Akayatazama maji. Yalikuwa yanazidi kujaa.

"Basi," akasema.

Nikawekwa ndani, nikaolewa, nikaletwa Bongo. Bahari iko hapo Feri, naenda kununua samaki na kurudi. Magoti haya hata ngazi yanazilalamikia. Miza naye alifariki akizaa mtoto wake wa pili.

Nilipopata binti zangu ndipo nilipoelewa. Mama alichota yale maji ya kisima ili mimi nipate bahari. Alikuwa ananitazama siku zote, huku anaponda. Lau ningemwendea yeye peke yake, kimya, huenda angeniambia nijisafishe nirudi majini, naye angegeukia upande wa pili. Lakini nilipaza sauti mbele ya safu nzima, na kigelegele kikishatoka hakirudi kooni.

Alifia kisiwani mimi nikiwa huku. Kila nilipokwenda kumtazama tulizungumza habari za watoto na maradhi. Sikumuuliza hata mara moja kama yeye, utotoni mwake, aliwahi kusimama.